Gorogoro, Kizibo na Simu: Kumfunza Mtoto Kulipima Tangazo

Siku ya Jumapili soko la Kibuye mjini Kisumu hufurika kuliko siku nyingine yoyote, na ni katika msongamano huo nilipomwona mwanafunzi wangu wa Gredi ya Nne, msichana wa miaka tisa, ametumwa omena na nyanya yake. Muuzaji alikuwa ameshika gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili unaotumika kama kipimo karibu katika kila soko la magharibi mwa Kenya, na alikuwa tayari kuujaza. Mtoto akamwambia kwa adabu, "Mama, samahani, nionyeshe kwanza chini." Muuzaji akatabasamu, akaugeuza mkebe. Kitako kilikuwa bapa, hakikubonyezwa kwa nyundo ili kipunguze ujazo. Hata hivyo mtoto hakumwondolea muuzaji macho mpaka omena ilipojaa na kufanya kilele juu ya mkebe, na hapo ndipo alipotoa pesa.

Dakika kumi baadaye nilimkuta kwenye kibanda kando ya barabara. Kwa chenji aliyoruhusiwa kubaki nayo alikuwa amenunua chupa ya kinywaji yenye picha ya chungwa lililokatwa nusu, maji yakilichuruzika, na pembeni kikatuni cha chungwa jingine lililovaa miwani. Nilimwomba anionyeshe nyuma ya chupa. Maandishi yalikuwa madogo kiasi cha kunilazimu kuyaelekeza kwenye mwanga: maji, sukari, asidi ya sitriki, ladha, rangi, kihifadhi. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia, na katika orodha ile chungwa halikuwamo popote. Mtoto alishangaa kwa dhati. Hakuwa amewaza kwamba chupa nayo ina kitako cha kugeuzwa.

Nimelieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo mazungumzo yetu kuhusu watoto na matangazo ya biashara huliruka. Tunazungumza kana kwamba watoto ni vyombo vitupu vinavyosubiri kujazwa tahadhari. Mtoto wa Kondele, wa Nyalenda, au wa Bondeni kule Nakuru, amekulia katikati ya wauzaji. Anajua kwamba viazi vikubwa hupangwa juu ya ndoo na vidogo vikafichwa chini, kwamba bei ya kwanza kutajwa siyo bei, na kwamba anayekuita "kastoma wangu" hata kabla hujasimama ana sababu yake. Shaka anayo tele. Anachokosa ni kutambua kwamba kwenye chupa, kwenye ukuta uliopakwa rangi, kwenye wimbo wa redio na ndani ya simu pia yumo muuzaji, ila uso na mikono yake havionekani. Kazi yetu, walimu na wazazi, ni kumrudisha muuzaji huyo mahali ambapo mtoto anaweza kumtazama na kumwambia, kwa adabu ileile, nionyeshe kwanza chini.

Uwezo huo hauji kwa siku moja, wala haulazimishwi kabla ya wakati wake. Watafiti wa makuzi ya watoto hutenganisha mambo ambayo sisi tunayachanganya. Kwanza kuna kutambua kwamba tangazo ni kitu tofauti na kipindi. Watoto wengi hufika hapo wakikaribia umri wa miaka mitano, ingawa huwa wanaongozwa na dalili za nje tu, kwamba tangazo ni fupi au lina muziki zaidi. Kisha kuna kuielewa nia, yaani kujua kwamba yupo mtu aliyelitengeneza tangazo hilo ili mimi nifanye jambo litakalomfaidi yeye. Mwaka 2004 jopo la Muungano wa Wanasaikolojia wa Marekani lilipitia tafiti zilizokuwapo na kuhitimisha kwamba watoto walio chini ya miaka minane kwa kawaida hawajaweza kuing'amua nia hiyo, na kwa hiyo huyapokea maneno ya tangazo kama taarifa ya kweli isiyoegemea upande wowote. Baada ya hapo huja kuzijua mbinu zenyewe, na ujuzi huo hukua polepole hadi ujanani.

Maana yake kwa mzazi ni nzito kuliko inavyoonekana. Mtoto wa miaka mitano anayelilia pakiti ya krispi hana ukaidi wala tamaa isiyo ya kawaida. Ameambiwa na mtu anayemwamini, kwa kuwa katika umri huo kila anayezungumza kwa sauti ya furaha anaaminika. Kumhubiria kuhusu mbinu za ushawishi ni kumtwika mzigo usiomfaa. Kinachowezekana ni kumtajia jambo lilivyo, kila mara na kwa sauti tulivu: "Huyo anauza." Redio ikipiga wimbo wa sabuni, huyo anauza. Gari la matangazo likipita Barabara ya Jomo Kenyatta na vipaza sauti, hao wanauza. Neno hilo moja, likirudiwa bila hasira, hujenga msingi ambao akili itausimamia muda wake ukifika.

Lakini kuna sehemu ya tangazo isiyopitia kwenye akili hata kidogo. Mwaka 2007 Thomas Robinson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti uliowahusu watoto 63 wa umri wa miaka mitatu hadi mitano huko California. Kila mtoto alionjeshwa chakula kilekile mara mbili, mara moja kikiwa kwenye karatasi isiyo na nembo na mara nyingine kwenye karatasi ya McDonald's, kisha akaulizwa kipi kitamu zaidi. Kwa jumla watoto walipendelea kile cha kwenye nembo, na walifanya hivyo hata kwa karoti na maziwa. Watoto ambao nyumbani kwao mlikuwa na televisheni nyingi zaidi ndio walioathirika zaidi. Karoti ilikuwa karoti ileile. Hawakudanganywa kwa hoja, kwa kuwa hakuna aliyewapa hoja yoyote. Nembo ilikuwa imeingia ndani ya ulimi wao kabla ya wao kujua kusoma.

Namna inavyoingia inaeleweka vizuri. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba kitu tunachokutana nacho mara kwa mara huanza kutupendeza kwa sababu tu tumekizoea, bila ya sisi kukichunguza wala kupewa sababu ya kukipenda. Sasa mwangalie mtoto anayetembea kutoka Manyatta kwenda shuleni. Vibanda vya pembeni mwa njia yake vimepakwa rangi za makampuni: nyekundu ya soda, kijani ya simu, bluu ya sabuni, manjano ya viungo vya mchuzi. Mwenye kibanda amepata rangi ya bure na jina lake limeandikwa juu ya mlango, naye ana haki ya kufurahi. Mvuli wa mama anayeuza mahindi ya kuchoma una nembo, koti la mwanabodaboda lina nembo. Mtoto hupita hapo asubuhi na jioni, siku tano kwa wiki, tangu shule ya chekechea. Hakuna tangazo hata moja kati ya hayo linalomwambia kitu cha kubishana nacho.

Kwa hiyo hatua ya kwanza darasani ni kuyafanya yaonekane. Kuna walimu wanaoanza na maelezo. Mimi huanza na miguu. Tunatoka na daftari, tunatembea mita mia nne nje ya lango, na kila mwanafunzi anaandika kila jina la biashara analoliona, ni nani aliyeliweka hapo, na anataka nini kwa anayepita. Swali la pili ndilo gumu. Watoto huandika haraka kwamba kibanda ni cha mama fulani, halafu wanasimama, wanautazama ukuta mwekundu, na kuanza kujiuliza ni nani hasa aliyeupaka.

Baada ya kuona, huja kusoma, na hapa somo la Kiswahili lina zana ambazo masomo mengine hayana. Katika shule za upili wanafunzi wamefunzwa kwa miaka mingi sajili, yaani mtindo wa lugha, ya matangazo ya biashara kama sehemu ya isimujamii, taaluma ya lugha katika jamii: kwamba sajili hiyo hutumia chuku (kutia chumvi), takriri (kurudiarudia maneno), maswali ya balagha (yasiyongoja jibu), misimu ya vijana na sentensi fupi za kuamrisha. Wameyakariri hayo kwa ajili ya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, wakayaandika kama orodha, wakapata alama. Naamini tuliliweka somo hili mahali pasipolifaa. Linachelewa kwa miaka mingi, na linakatizwa njiani, kwa kuwa kuitaja chuku ni jambo moja na kuuliza chuku hiyo inaficha nini ni jambo jingine kabisa. Mtaala wa umilisi (CBC) ulioanza kujaribiwa mwaka 2017 umeutaja uwezo wa kufikiri kwa kina na kutatua matatizo kuwa mojawapo ya umilisi wa kimsingi, na ujuzi wa kidijitali kuwa mwingine. Mlango basi uko wazi kwa mwalimu wa shule ya msingi anayetaka kulileta tangazo darasani mapema.

Nikipewa nafasi ya kufunza kitu kimoja tu kuhusu lugha ya matangazo, ningefunza maneno madogo. Maneno makubwa, kama "ajabu" na "kipekee", watoto huyatilia shaka wenyewe baada ya muda mfupi. Hatari iko kwenye "hadi". Tangazo likisema sabuni inaua hadi asilimia 99 ya viini, neno hilo linaruhusu asilimia 60 na linaruhusu 10 pia. "Kuanzia" hufanya kazi hiyohiyo upande wa pili: simu zinazouzwa kuanzia shilingi 3,000 zinaweza kuwa na moja tu ya bei hiyo, na huenda imekwisha kununuliwa. "Husaidia" ni neno la kukwepa ahadi, kwa kuwa kinachosaidia mtoto kukua kinaweza kusaidia kidogo sana kuliko uji wa wimbi alioupata nyumbani. Kisha kuna "bora zaidi" na "nafuu zaidi". Kiswahili chetu hudai kwamba zaidi iwe zaidi ya kitu fulani, na mtoto anayejua sarufi yake ana haki ya kuuliza: zaidi ya nini? Mwaka jana mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono kuhusu maneno "mpya, iliyoboreshwa" yaliyoandikwa kwenye pakiti ya dawa ya meno, akauliza ile ya zamani ilikuwa na kasoro gani ambayo hawakutuambia wakati walipokuwa wakiiuza. Ni swali ambalo ningependa kila mtoto wa Kenya awe nalo mfukoni.

Somo la Hisabati nalo lina kazi yake. Familia nyingi za mitaa yetu hununua kwa vipimo vidogo, mafuta ya kupimiwa na sabuni ya pakiti ya shilingi kumi, kwa sababu kipato chenyewe huja kwa siku. Pakiti ndogo inaitwa ya nafuu, na kwa mwenye shilingi kumi mkononi kweli ni nafuu. Lakini mtoto akigawanya bei kwa gramu, mara nyingi atagundua kwamba gramu ya pakiti ndogo ni ghali kuliko ya pakiti kubwa. Hili halimaanishi kwamba mama yake amekosea; mama hana njia nyingine mpaka apate pesa ya mkupuo. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona watoto wakirudi nyumbani kuwasahihisha wazazi kwa kiburi, na huko siko tunakotaka kuwafikisha.

Somo lililonifunza zaidi mimi mwenyewe lilikuwa la vizibo. Kuna kampeni za mauzo ambapo zawadi huandikwa ndani ya kizibo cha soda, na watoto huviokota vizibo vibandani kwa matumaini. Tulikusanya mia mbili, tukachora nyota ndani ya kimoja, tukavitia vyote kwenye gunia. Kila mmoja wa wanafunzi arobaini alichomoa kizibo, akakitazama, akakirudisha, na kila kuchomoa tulikuhesabu kuwa sawa na kununua soda moja ya shilingi 40. Tulifanya mizunguko mitatu. Nyota ilitoka mara moja. Tukapiga hesabu ubaoni: mara 120, shilingi 4,800, mshindi mmoja, na zawadi tuliyokubaliana kuwa ya shilingi 1,000. Wakaelewa wote. Nikawaambia watengeneze tangazo la mchezo wetu, na bila kuelekezwa, kila kundi lilichora picha ya yule aliyeshinda, mikono juu, meno nje. Hakuna kundi lililochora waliobaki.

Kesho yake asubuhi wanafunzi wanane walinifuata mlangoni kuuliza kama gunia bado lipo, kwa sababu walikuwa na hakika kwamba leo ni zamu yao.

Hilo ndilo fundo lenyewe la mada hii, na afadhali tulifungue polepole. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba mtoto akishaielewa nia ya tangazo amekingwa, kama aliyechanjwa. Mwaka 2006 watafiti Sonia Livingstone na Ellen Helsper wa London walizipitia upya tafiti kuhusu matangazo ya vyakula na hawakupata ushahidi kwamba watoto wakubwa, wanaoyaelewa matangazo vizuri, huathirika kidogo kuliko wadogo. Wanaathirika kwa njia nyingine. Mdogo huvutwa na kikatuni na zawadi iliyomo ndani ya pakiti. Mkubwa huvutwa na hadhi, na mzaha mzuri, na sura ya mtu anayetamani kufanana naye. Ujuzi uko kichwani, lakini tangazo linakuja wakati mtoto amechoka, anacheza, anacheka, na ujuzi huo haujaitwa. Msichana wangu wa Kibuye aliuita ujuzi wake mbele ya gorogoro kwa sababu mbele ya gorogoro kila mtu huuita. Ni desturi, amemwona nyanya yake akifanya hivyo mamia ya mara. Mbele ya chupa hakumwona mtu yeyote mzima akigeuza chochote.

Kwa hiyo tunachohitaji kujenga ni desturi, na desturi hujengwa na watu wazima mbele ya watoto. Mama anayesimama dukani, akaigeuza pakiti, akasoma kwa sauti viambato vitatu vya kwanza, amefunza zaidi ya mhadhara wangu wa nusu saa. Baba anayeangalia alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, kisha akatuma namba iliyo chini yake kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 ili kuhakikisha kwamba ni halali, anaonyesha kwamba hata muhuri huulizwa. Jirani yangu mmoja ana daftari la matamanio: mtoto akitaka kitu alichokiona kwenye tangazo, kinaandikwa na tarehe, na Jumamosi ya pili wanakisoma pamoja na kuulizana kama bado anakitaka. Vingi hufutwa na mtoto mwenyewe. Vinavyobaki vinanunuliwa pesa ikipatikana, na hili ni muhimu, kwa sababu daftari ambalo halijawahi kuzaa ununuzi wowote lingekuwa hila nyingine tu.

Simu ndiyo iliyotuzidi nguvu. Kwenye redio tangazo lina mlango wake, wimbo unaanza na wimbo unaisha. Kwenye video za watoto mlango huo umeondolewa: mtoto mwenzao anafungua sanduku la vitu vya kuchezea kwa furaha, na hakuna sauti inayosema kwamba kampuni imelipa. Mchezo wa bure unampa mtoto sarafu za mchezo, kisha unamfikisha mahali ambapo sarafu hizo hazitoshi. Mtu mashuhuri anapaka mafuta fulani usoni huku akisimulia habari za siku yake. Zaidi ya hayo, muuzaji wa Kibuye humwona mtoto kama mtoto anavyomwona yeye, lakini simu humtazama mtoto bila yeye kuiona: alichokitazama jana huamua atakachoonyeshwa leo. Mwaka 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani kutokana na madai ya kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka huohuo inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuelezwa jambo hili kwa lugha ya sokoni: fikiria muuzaji anayekufuata nyumbani kimyakimya, akaandika kila ulichokula, kisha kesho akatandaza bidhaa zake mbele ya mlango wako. Sijaona mtoto aliyesikia mfano huo asikunje uso.

Kamari inahitaji aya yake, kwa kuwa imeingia kwa watoto kupitia kitu wanachokipenda kwa haki, yaani kandanda. Mwaka 2017 Everton ya Uingereza ilipokutana na Gor Mahia mjini Dar es Salaam, timu zote mbili zilivaa jina la kampuni ileile ya kubashiri kifuani, na Kisumu nzima, watoto wakiwamo, iliketi kutazama. Hakuna aliyewaambia watoto wacheze kamari. Waliambiwa tu kwamba jina hilo linakaa mahali pamoja na mashujaa wao. Mwaka 2019 Bodi ya Udhibiti na Utoaji Leseni za Kamari ilitangaza kupiga marufuku mabango ya kamari na matumizi ya watu mashuhuri katika matangazo hayo, na mwishoni mwa Aprili 2025 ikasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zenyewe zilikubaliana mwaka 2023 kuyaondoa majina ya kampuni za kamari mbele ya jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Mashirika na klabu hazijinyimi mapato kwa jambo lisilo na athari, na hoja hiyo ninaitumia na vijana wa Gredi ya Nane wanaoniambia kwamba jezi ni jezi tu.

Hii inatuleta kwenye sheria, nami nitaipitia kwa haraka. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinalitaka Bunge kutunga sheria za kuhakikisha matangazo ni ya haki, ya kweli na ya staha. Matangazo ya tumbaku yalizuiwa na sheria ya 2007, na ya maziwa ya kopo kwa watoto wachanga na sheria ya 2012. Sheria ya vileo ya 2010, ambayo Wakenya wanaiita kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, inakataza pombe kutangazwa kwa namna ya kuwavutia walio chini ya miaka 18. Kwingineko wamekwenda mbali zaidi: jimbo la Quebec nchini Kanada limezuia matangazo yanayowalenga walio chini ya miaka 13 tangu mwaka 1980, Sweden imezuia kwenye televisheni yale ya walio chini ya miaka 12 tangu 1991, na Chile mwaka 2016 iliviondoa vikatuni kwenye pakiti za nafaka zenye sukari nyingi na kuweka mahali pake alama nyeusi za onyo. Kizuizi cha Sweden kilivujishwa na vituo vilivyorusha matangazo kutoka London, kwa hiyo sheria peke yake haitoshi. Lakini anayesema kwamba elimu peke yake inatosha anamwachia mtoto wa miaka tisa kazi ya kupambana na watu wazima wanaolipwa mishahara ili wamshinde. Hilo silikubali.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo nimewahi kulifanya. Baada ya muhula mzima wa masomo haya, darasa langu moja lilifikia mahali pa kuamini kwamba kila tangazo ni uongo, na methali ya "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza" ikawa jibu la kila swali. Mvulana mmoja ambaye mama yake huuza samaki pale Dunga ndiye aliyetuokoa. Alisema samaki mbichi lazima atembezwe mapema, tena kwa sauti kubwa, kwa sababu ikifika saa nane jua limemharibu. Mama yake hutangaza kwa kuwa samaki ni mzuri sasa hivi. Darasa lilinyamaza, likamwelewa. Kutangaza si dalili ya ubaya wala ya uzuri. Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa Homa Bay mwezi Septemba 2019, ilitangazwa pia, na mzazi aliyeziba masikio kwa kudhani kila tangazo ni hila angemnyima mwanawe kinga. Maswali ni yaleyale kwa samaki, chanjo na soda: nani anasema, anapata nini nikikubali, ameonyesha nini na ameacha nini, na naweza kukigeuza wapi nione chini. Tofauti iko kwenye majibu, na mtoto lazima awe na subira ya kuyangoja badala ya kuyajua kabla hajauliza.

Muhula huu Gredi ya Sita walirudia ile safari ya mita mia nne, ila safari hii waliamua kuhesabu kuanzia ndani ya lango. Ukuta wa shule yetu unaotazama barabara una picha kubwa ya bidhaa moja ya watoto, iliyochorwa miaka kadhaa iliyopita na kampuni iliyotupa rangi ya kupaka madarasa manne. Madarasa yalihitaji rangi hiyo, na bado yanapendeza. Wanafunzi waliandika jina la kampuni, wakaandika kwamba aliyeiruhusu ni shule, na kwenye safu ya tatu, inayouliza kampuni inataka nini kwa anayepita, waliacha nafasi wazi na kuniomba nilipeleke swali kwa mwalimu mkuu. Limewekwa kwenye ajenda ya mkutano wa wazazi wa mwezi ujao, na wanafunzi wawili ndio watakaolisoma.